Kitako cha Droo

Maneno aliyoyasema Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa mwaka, yakapigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati.



Desturi ya Karani katika mkutano huu ni kusoma hesabu za karakana, kujibu maswali mawili matatu, na kuketi. Hesabu mnazo mikononi mwenu, nazo zimekwisha kukaguliwa. Lakini katika hesabu hizo mna mstari mmoja ulioandikwa “Kabati la zana, matengenezo”, nao hausemi habari yote. Kwa idhini ya Mwenyekiti nitaieleza leo. Na kwa kuwa habari yenyewe inahusu vitako vya droo, nawaomba wale watakaotaka kucheka wacheke sasa, kisha wanisikilize.

Wengi wenu mnalijua kabati lile lililosimama karibu na mlango wa karakana. Lina droo 12. Nane ni ndogo, ziko juu, kila moja ina upana wa inchi 16 hivi. Nne ni ndefu, ziko chini, na upana wa kila moja ni inchi 34. Kutoka mbele hadi nyuma zote ni inchi 18. Katika zile ndogo tunaweka penseli, msasa, skrubu na vipimio; katika zile ndefu tunaweka randa, patasi, nyundo, keekee na jiriwa za mkono. Yote ni mali ya Chama, iliyonunuliwa kwa michango yenu, na vijana 14 wanaojifunza useremala hapa kwetu huitumia kila siku ya kazi.

Fundi aliyelitengeneza alikuja kwangu kabla ya kuanza, akaniletea karatasi ya mahitaji yake iliyoandikwa kwa penseli. Aliandika mbao za saipresi kwa mwili wa kabati na kwa mbavu za droo, plaiwudi ya milimita 9 kwa vitako vya droo nne za chini, na plaiwudi ya milimita 6 kwa vile vinane vya juu. Nilipopiga hesabu niliona kwamba nikiagiza hadibodi ya milimita 3 kwa droo zote, Chama kitaokoa shilingi 2,400. Nikaona hiyo ndiyo busara. Kitako cha droo, nilijiambia, hakionekani; mtu hufungua droo kutazama zana, hatazami zimelala juu ya nini. Basi nikaifuta mistari miwili ya Fundi kwa wino, nikaandika “hadibodi” mahali pake, nikatia sahihi. Fundi aliponiuliza nilimjibu kwamba fedha hizi ni za wanachama. Alinitazama kidogo, akasema, “Haya, Bwana Karani,” akaenda kuifanya kazi kama alivyoagizwa.

Kabati lilimalizika mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, na kila aliyeliona alilisifu. Mwezi wa Mei, mvua ilipokuwa imeshika hapa Mombasa kwa siku nyingi mfululizo, kijana mmoja alivuta ile droo ndefu iliyo juu ya wenzake. Kitako kilichomoka katika mfuo wake upande wa kushoto, na vyote vilivyokuwamo vikamiminika juu ya mguu wake. Patasi moja ilimkata vibaya. Alishonwa, akakaa nyumbani majuma matatu. Hospitali ilitugharimu shilingi 6,500, na zana zilizoharibika shilingi 3,800.

Kamati ilikutana. Ilionekana wazi, au tulidhani imeonekana wazi, kwamba kazi ya Fundi ilikuwa mbovu. Ikaamuliwa kwamba sehemu ya mwisho ya ujira wake, shilingi 9,000, izuiliwe. Wazee wa Kamati hawakuwa na kosa. Walikata shauri kwa yale waliyoambiwa, na mtu pekee aliyejua habari za ile karatasi alikuwa ameketi palepale mezani akiandika kumbukumbu za kikao. Kalamu yangu haikusimama. Niliandika “uzembe wa fundi” kwa mwandiko mzuri.

Jambo hilo lilinikosesha raha. Jumamosi moja jioni, vijana walipokwisha kwenda, nilikwenda karakana peke yangu nikazitoa droo zote. Nilitandika uzi chini ya kila droo kutoka ubavu hadi ubavu, nikapima. Katika zile ndefu tatu zilizobaki, kitako kilikuwa kimeshuka katikati zaidi ya nusu inchi, kama tumbo la punda aliyebebeshwa mzigo. Katika zile ndogo kilikuwa kimelegea kidogo tu. Lakini viungo vya pembe vilikuwa vimekaza kama siku ya kwanza, mfuo ulikuwa umechongwa safi, na mbavu zilikuwa zimenyooka. Mkono wa Fundi haukukosea mahali popote nilipopatazama. Ndipo nilipozipima zana za droo moja kwa mizani, zikawa kilo 26. Kilo 26 juu ya ubao wa milimita 3, na hewa ya Mei!

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa Fundi. Sikumweleza yote, maana sikuwa na ujasiri huo bado. Nilimwambia tu kwamba nataka kufundishwa habari za vitako vya droo. Alicheka, akamwita mkewe alete kiti, na tukakaa mpaka magharibi. Nitakayoyasema sasa sehemu kubwa ni yake, na machache nimeyajaribu mwenyewe au nimeyasoma.

Kwanza, hadibodi. Mmarekani mmoja, William H. Mason, aliibuni mwaka 1924 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, ili mabaki ya viwanda vya mbao yasitupwe. Vipande vya mti hupasuliwa kwa nguvu ya mvuke mpaka viwe nyuzinyuzi kama pamba, kisha nyuzi hizo hushindiliwa kwa joto na kwa uzito mkubwa ziwe ubao mwembamba. Si kitu kibaya. Kwa mgongo wa kabati, au kwa droo ndogo ya barua na vitambaa katika nyumba kavu, hutosha. Lakini ubao huo una maadui wawili, uzito unaokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, na unyevu. Hata pasipo mvua, zana zikilala juu yake siku zote, hulegea polepole na haurudi. Unyevu ukiingia, nyuzi hufura, nguvu hupungua, na kulegea huenda mbio zaidi. Kitako kikishuka katikati, kingo zake huvutwa ndani. Mfuo wetu ulikuwa na kina cha robo inchi tu. Kingo zikavutwa kidogo kidogo mpaka upande mmoja ukatoka. Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na fumbo lingine.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilikata kipande cha hadibodi yetu, na kwa maduka matatu nikaomba vipande vidogo vya plaiwudi na kimoja cha chipbodi, nikavitia vyote katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi hadibodi ilikuwa imenenepa na kulainika, nikaichana kingo kwa ukucha. Chipbodi ilikuwa mbaya zaidi, imetuna kama mkate uliochovywa chaini, na ilipokauka haikurudi unene wake wa kwanza. Katika plaiwudi tatu, moja ilikuwa imeachana matabaka, na mbili zilikuwa nzima. Zile tatu zilikuwa zimeuzwa kwa jina lilelile. Basi mnunuzi asiamini jina. Apewe kipande, akiloweke, na autazame ukingo wa ubao, kwa kuwa mashimo na mapengo baina ya matabaka huonekana hapo.

Plaiwudi ina nguvu kwa sababu ya jinsi ilivyopangwa. Matabaka yake membamba hubandikwa kwa gundi, nyuzi za moja zikilala, za jingine zikikingama, na aghalabu idadi yao ni witiri, tatu, tano au saba. Kwa hiyo hakuna upande ulio dhaifu sana, wala haupanuki na kunywea kama ubao wa kawaida. Tena unene wake una siri ambayo mimi, niliyefundishwa hesabu shuleni, nilipaswa kuikumbuka. Ubao wa aina ileile ukiuzidisha unene mara mbili, uzito uleule huupinda sehemu moja tu katika nane ya ulivyopinda kwanza. Ukiuzidisha mara tatu, ni sehemu moja katika 27. Mimi nilidhani kutoka milimita 9 hadi 3 nimepunguza theluthi mbili za nguvu. Fundi hakujua hesabu hiyo kwa tarakimu, lakini vidole vyake vilikuwa vinaijua.

Upana nao una neno. Ndiyo sababu zile droo nane ndogo hazikuanguka ingawa zina ubao uleule mwembamba. Kitako chao hakina mwendo mrefu kutoka ubavu hadi ubavu, na mzigo wao ni mwepesi. Kwa zile ndefu, Fundi alisema, hata plaiwudi ya milimita 9 isaidiwe kwa papi moja nene katikati, iliyofungwa mbele na nyuma, ili kitako kimoja kirefu kiwe kama viwili vifupi. Papi hiyo hutoka katika mabaki ya saipresi yaliyomo karakana, haigharimu kitu.

Najua Wazee wengi wanajiuliza moyoni, kwa nini tusitumie mbao tupu kama walivyofanya wa kale? Swali hilo nimekwisha kuulizwa njiani mara nyingi. Katika Mji wa Kale bado yako makasha ya Zanzibar yenye droo tatu ndogo chini, na vitako vyake si plaiwudi. Ni kweli, na kitako cha mbao tupu kikitengenezwa vizuri ni kizuri kuliko vyote kwa macho na kwa mkono. Lakini mbao hupumua. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kwa kiasi cha kujali, ila kwa upana hupanuka wakati wa unyevu na kunywea wakati wa ukavu. Kitako cha mbao chenye inchi 18 kwa upana kinahitaji kuachiwa nafasi ya karibu robo inchi. Kwa hiyo fundi mjuzi huzilaza nyuzi kutoka ubavu hadi ubavu, ili upanukaji uelekee nyuma. Kitako hupita chini ya ubao wa nyuma, na hufungwa hapo kwa skrubu moja au mbili katika tundu refu ili kiweze kusogea. Wala hakipigwi gundi mbavuni. Asiyejua akakipiga gundi na misumari pande zote, masika yatakisukuma mpaka droo ipasuke pembe, au kaskazi itakinywesha mpaka kipasuke chenyewe katikati.

Isitoshe, mbao ya kufanyia hivyo iwe kavu sawasawa. Saipresi ya yadi za mjini mara nyingi huletwa ikiwa bado mbichi, na ukiishika unasikia ubaridi wake. Mti huu asili yake ni Mexico na nchi za jirani, ukapandwa kwa wingi katika misitu ya nyanda zetu za juu, nao ni mwepesi na hurandika vizuri. Tangu Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mbao ziliadimika kwa muda mrefu, na wauzaji wakazoea kuuza gogo lililopasuliwa juzi. Ukilirundika kwa vijiti baina ya mbao, chini ya paa, hukauka kwa miezi. Sisi hatuna miezi hiyo, maana vijana wanaweka zana sakafuni. Mierezi yetu ya Kenya, ile iliyofanyiwa penseli na nguzo za seng’enge kwa sababu mchwa hawaipendi, hupasuka upesi kwa urefu ikipigwa msumari, nayo si ya kupoteza mahali pasipoonekana. Hapo nakubaliana na yule karani wa Januari!

Mwanachama mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini alishauri bati bapa. Ushauri wake si wa kudharauliwa, maana bati halifuri, na mchwa na bungua hawana njia. Lakini bati jembamba hulegea na kupiga kelele, lile nene ni ghali na zito, kingo zake hukata vidole, na makali ya patasi yakigusana na chuma kila siku huharibika. Tena katika hewa yetu ya chumvi zinki ikikwaruzwa, kutu huanza. Nimelikubali mahali pamoja tu: droo moja ya chini kabisa, ya tupa na vyuma vyenye mafuta, itandikwe kipande cha bati juu ya plaiwudi, ili mafuta yasinywewe na mbao. Droo za patasi zitatandikwa turubai kuukuu.

Basi tumerudi palepale alipokuwa Fundi na penseli yake. Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Karatasi moja ya milimita 9 hutoa vitako vinne virefu na mabaki ya kutosha, na moja ya milimita 6 hutoa vile vinane vidogo, na akiba ya vingine. Mbili tu zilihitajika tangu mwanzo, nazo nimezinunua mwezi uliopita, baada ya kuloweka vipande.

Kazi iliyobaki ni mfuo. Mfuo wa sasa ulichongwa kwa milimita 3, lazima upanuliwe. Fundi ananiambia upanuliwe kuelekea juu, si kuelekea chini, kwa kuwa ule mdomo wa mbao ulio chini ya mfuo ndio unaobeba mzigo wote, na ukipunguzwa hubanduka. Tena usichongwe mpaka plaiwudi iwe imefika karakana, maana ile inayoitwa 9 dukani aghalabu hupungua kidogo, na mfuo uliochongwa kwa jina badala ya kipimo hucheza. Nilipima zetu. Ya 9 ni 8 na nusu.

Sasa narudi kwenye ule mstari wa hesabu. Shilingi 2,400 nilizojisifu kuziokoa nimezirudisha katika sanduku la Chama kutoka mfukoni mwangu, na stakabadhi yake anayo Mweka Hazina. Hadibodi tuliyoitupa, hospitali na zana, siwezi kuzirudisha kwa mara moja, nami nimeiandikia Kamati namna nitakavyolipa. Ile karatasi ya Fundi ninayo hapa. Mistari yake miwili inasomeka bado chini ya wino wangu, na yeyote anayetaka kuitazama na aje mezani. Yule kijana, nashukuru Mungu, anatembea vizuri, na leo ndiye aliyepanga viti hivi mlivyokalia.

Katika kumbukumbu za kikao cha mwezi wa Juni yamo maneno “uzembe wa fundi”. Naomba mkutano huu uyafute, na mahali pake paandikwe kwamba Karani aliibadili orodha bila kuuliza. Pili, naomba shilingi 9,000 zilizozuiliwa zilipwe zote. Tatu, naomba kazi ya kuvitengeneza upya vitako hivyo apewe Fundi yuleyule, kwa ujira mpya, kama ataikubali; na akiikataa, tusimlaumu.

Bwana Mwenyekiti, naomba hoja hizi zipigiwe kura sasa hivi, kabla ya chai. Fundi yuko nje, ameketi chini ya mwembe, nami sikumwambia kwa nini nilimwalika.